Gari la Wazi Mwezi wa Novemba

Jumamosi, 4 Novemba

Nimenunua! Gari la wazi. Jekundu, viti viwili, la Kijapani, limezeeka kwa heshima zake. Paa ni turubai jeusi. Aliyeniuzia amesema unalikunja kwa mkono mmoja. Mimi nimetumia miwili na goti.

Mwuzaji ni daktari wa meno mstaafu kule Whalley. Nilipowasha injini alifuta machozi. Nikamwahidi nitalitunza. Akasema Mungu akubariki, akaingia ndani mbio, akafunga mlango kwa komeo. Mapenzi ya kweli hayawezi kuagana.

Nimelileta nyumbani Clitheroe paa likiwa chini. Baridi ya kukata. Masikio siyahisi. Lakini watu walivyonitazama! Pale kituo cha basi mwanamke mmoja alimgusa mwenzake, akaninyooshea kidole. Nimekuja kugundua taa ya nyuma ilikuwa inaning'inia kwa waya. Hata hivyo.

Hilary amerudi jioni kutoka kwa dada yake. Amesimama getini, mkoba mkononi. Ameuliza gari letu liko wapi. Nikamwambia ndilo hilo. Akasema hapana, Neville, gari letu. Lile la kijivu. La milango minne. La viti vinavyopata joto. Ikabidi nieleze kwamba lile liko Whalley kwa daktari wa meno, sehemu ya mapatano.

Kimya. Hilary ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kimya chake kimewaliza watoto ambao sasa wenyewe ni wazazi.

Kisha akauliza: na Mama je? Kila Alhamisi ninampeleka mama mkwe wangu hospitali Blackburn kufanya mazoezi ya nyonga yake mpya. Ataingiaje humo? Kwa winchi? Nikajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Si methali ya kumwambia mtu ambaye mama yake ana nyonga ya chuma.

Tumekubaliana hivi. Gari linabaki, nalo litatumika kila siku, mvua isimame isisimame. Siku Mama atakapolowa, au kuchelewa, linauzwa. Na litakalofuata anachagua yeye Hilary. Tumepeana mikono kama mawakili.

Sitashindwa. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Jumapili, 5 Novemba

Siku ya maboresho. Kioo cha nyuma si kioo, ni plastiki, nacho kimepata ukungu kama jicho la mbwa mzee. Nimesoma kwa watu wa magari haya kwenye mtandao kwamba dawa ya meno hukisafisha. Nimemaliza tyubu nzima. Bado hakionyeshi nyuma, lakini kinanukia mnanaa.

Kisha tundu za kutolea maji. Kila gari la wazi lina tundu mbili nyuma ya viti, maji ya mvua yashuke mpaka chini. Zikizibwa na majani, maji yanabaki ndani na abiria. Nimeingiza waya wa kutundikia koti. Nimezibua! Nimesikia kabisa kitu kikiachia.

Jirani yangu Roland Entwistle alikuwa anatazama toka kwake. Entwistle ana gari la umeme lisilotoa sauti. Analivika shuka kila jioni, na nimewahi kumsikia akilitakia usiku mwema. Ameniuliza kwa upole kama ni mradi wa wikendi. Nikamwambia ni gari la kila siku. Akasema, "Oo!" Ile "oo" ya mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Jioni ilikuwa ya mioto na fataki, kama Uingereza nzima kila tarehe tano Novemba. Entwistle alirusha tatu, za adabu. Mimi nilikuwa nimenunua moja ambayo muuza duka aliileta toka nyuma ya pazia. Nikaichomeka kwenye chungu cha maua, nikawasha, nikarudi nyuma. Chungu kikapinduka.

Tundu kwenye turubai ni dogo. Kidole gumba kinapita. Entwistle aliruka ua na ndoo ya maji kabla sijafunga mdomo. Akazima. Akasema inaweza kumtokea yeyote. Simsamehei.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Kiraka cha baiskeli na gundi kimeshika tundu vizuri sana. Maji yameingia kwingine.

Nimefika kazini, duka la mazulia, suruali imelowa sehemu ambayo mteja akiiona hakuulizi tena bei ya zulia. Nimehudumia watu asubuhi nzima nikiwa nyuma ya kaunta.

Mchana nimempelekea gari fundi Dilys, ana karakana chini ya daraja la reli. Dilys ni mwanamke wa Wales, mabega kama mlango, na hacheki mpaka akuone umeumia. Ameinama nyuma ya viti na tochi. Akauliza nani ameua mpira wa maji. Nikauliza mpira upi. Akanyoosha mkono, akatoa kipande cha mpira kilichochanika, akakishika juu kama mkia wa panya.

"Hiki ndicho ulichozibua, mzee wangu. Sasa maji hayatoki nje tena. Yanakuja kukaa na wewe."

Nikamwomba bei ya kila kitu, mpira na turubai jipya. Akanitajia. Nikamwambia nitafikiria. Akasema nifikirie nikiwa nimevaa buti za mpira. Na paa nisilikunje kwenye baridi, plastiki ya nyuma imekauka, itakatika kama biskuti.

Watu wa ufundi hupenda kutisha. Nina akili zangu na nina duka zima la mazulia. Sirudi nyuma.

Jumanne, 7 Novemba

Wazo! Limenijia kwenye ngazi za duka, nimebeba zulia la sufu lililoviringishwa.

Tatizo si maji kuingia. Maji yataingia, hii ni Lancashire, mvua haikosi. Tatizo ni maji kuonekana. Gari likiwa na zulia nene la kutosha, litayanywa.

Nimeomba vipande vilivyobaki vya zulia la sufu, rangi ya maziwa, sufu tupu ya kondoo wa milima hii hii. Nimekata, nimeshona, nimebandika. Sakafu, milango, nyuma ya viti, hata kwenye buti. Gari sasa ni kama ndani ya kofia ya baridi. Nimekaa humo nikala mkate wangu wa jibini na kachumbari. Raha tupu.

Hilary amekuja kutazama. Amekubali kwamba panapendeza. Ameuliza likilowa itakuwaje. Nikamwambia halitalowa, litakunywa. Akanitazama kama anavyowatazama watoto wanaosema daftari limeliwa na mbwa.

Jumatano, 8 Novemba

Limekunywa. Halitapiki.

Mvua ya usiku kucha. Nimekanyaga sakafu, ikatoa sauti kama ya mtu anayekunywa supu. Na harufu! Jua lilitoka kidogo, nikawasha hita, gari likanuka kundi zima la kondoo waliorudi malishoni. Nimesimama kwenye taa za barabarani karibu na kituo cha mafuta, na mbwa wa kuchunga kondoo kwenye gari la pembeni alisimama dirishani akaanza kubweka kwa kazi, akijaribu kutupanga.

Entwistle amenikuta barabarani. Ameuliza, kwa upole ule ule, kama nimeanza ufugaji. Kisha akasema kesho anakwenda Blackburn, hana haraka, nafasi ipo, viti vina joto, atafurahi kumchukua Mama. Hilary alikuwa dirishani akisikiliza. Nikamshukuru, nikamwambia hapana. Akasema simu yake iko wazi. Mtu huyu hana hata chembe ya ubaya, ndiyo maana simwezi.

Kesho ndiyo kesho. Nimefungua madirisha yakauke. Nimeyafunga, mvua imeanza.

Alhamisi, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji moto, maana lazima niandike yote kabla sijaanza kuamini kwamba nimeota.

Mama mkwe anaitwa Winifred Birtwistle. Anakaa peke yake Chatburn kwenye nyumba ya mawe. Amezaliwa shambani, amezika mumewe Harold, na tangu nimuoe binti yake ameniambia maneno ya kutosha kujaza bahasha ya posta, mengi yakiwa "futa miguu".

Nilimkuta mlangoni, koti limefungwa mpaka kidevuni, kofia ya nailoni kichwani. Alilizunguka gari mara moja. Tukaanza kumwingiza. Miguu kwanza: nyonga ikakataa. Kichwa kwanza: ikakataa zaidi. Mgongo kwanza: nikabaki nimemkumbatia katikati ya barabara, na mtu wa posta akageuza njia.

Hapo mvua ikapungua, ikawa manyunyu. Nikapata wazo. Ukuta wa bustani yake una kimo sawa na mlango wa gari. Nikaegesha ubavu kwa ubavu, nikashusha paa, nikamkalisha ukutani. Akateleza taratibu juu ya mlango, akashuka kwenye kiti kama anayeketi kochini. Ajabu! Akavuta pumzi puani.

"Kunanuka zizi la baba yangu," akasema.

Nikaomba radhi. Akasema hajalalamika.

Nikavuta paa lirudi juu. Nyuma yangu kitu kikalia: kah! Biskuti. Plastiki imepasuka toka pembe hadi pembe. Nikavuta kwa nguvu zaidi, vyuma vikashikana na kile kiraka, paa likasimama nusu, halipandi. Nikalipigania. Nikaliomba. Likashuka chini lote, likakataa kabisa kunyanyuka. Manyunyu nayo yakaanza kunenepa.

Nilisimama pale nikiona gari langu likiuzwa. Nikaona gari la kijivu. Nikatoa simu.

"Unampigia nani?" Mama akauliza.

"Entwistle, Mama. Jirani. Atakuja kukuchukua, gari lake kavu."

"Yule anayeongea na gari lake?"

"Ndiye."

"We Neville. Tunakwenda, au tunafuga kuku hapa? Ingia. Endesha."

Nikaingia. Nikaendesha.

Sasa nieleze jambo ambalo watu hawaamini. Gari la wazi likienda kasi ya kutosha, mvua haikupati. Upepo wa kioo cha mbele unaipandisha, inapita juu ya kichwa, inaangukia nyuma. Nilikuwa nimelisoma tu. Ni kweli! Tulishika barabara kuu ya Blackburn, nikakanyaga mafuta, na mvua yote ikawa dari inayotembea juu yetu. Mkono ukiunyanyua unalowa. Ukiushusha, mkavu. Mama aliunyanyua, akaushusha. Akaunyanyua tena.

"Mama, uko sawa?"

"Tazama mbele!"

Tatizo ni kusimama. Ukipunguza mwendo tu, dari inakuangukia. Na tulipofika kwenye ile kipilefti kubwa, njia yetu ya kutokea ilikuwa na foleni ya malori, haisogei.

"Foleni, Mama!"

"Usisimame!"

"Nitakwenda wapi?"

"Zunguka!"

Nikazunguka. Njia bado imeziba. Nikazunguka tena. Matairi yanalia, sufu inachuruzika, mimi nimeng'ang'ania usukani kama mtu aliyeshika pembe za fahali. Magari yanapiga honi. Dereva wa lori la maziwa alivua kofia. Na pale kwenye njia ya kuingilia, akisubiri zamu yake kama raia mwema, nani? Entwistle. Ametuona tukipita. Ametuona tukipita tena. Kila tukija mdomo wake umefunguka zaidi. Safari ya nne Mama alimpungia mkono, polepole, kwa kiganja tu, kama watu wa kifalme.

Ndipo nikasikia sauti. Nikadhani mkanda wa injini umekatika. Ni Mama. Anacheka. Miaka yote hii ya ndoa, sikujua kwamba ana kicheko. Kinaanzia chini kama pampu ya kisima, kikifika juu kinamwaga.

"Tangu Harold afe," akasema, akipiga dashibodi kwa kiganja, "nyote mnanibeba kama trei ya mayai. Mama taratibu, Mama ngazi, Mama shika hapa. Hakuna aliyenipeleka popote kwa kasi. Zunguka tena!"

"Lakini njia imefunguka, Mama."

"Nimekwambia zunguka!"

Nikazunguka. Mtu halazimishwi mara mbili.

Mwisho wetu ulikuwa taa nyekundu, kilima cha hospitali. Taa ile haina huruma. Tulisimama, na mvua yote tuliyoikimbia toka Chatburn ikatupata kwa mkupuo. Mimi nilifunga macho. Mama alikunja mikono kifuani akaitazama taa uso kwa uso mpaka ikaona haya.

Tulichelewa. Msichana wa mazoezi aliuliza kwa adabu kama Bibi Birtwistle alipitia kwanza kwenye bwawa la kuogelea.

Kurudi tulipita njia za vijijini, zisizo na taa. Yeye ndiye aliyechagua, na alitaka kwanza aje kwetu kunywa chai. Mimi moyo ulikuwa umeshazama. Amelowa. Amechelewa. Mapatano ni mapatano. Nilikuwa nimeshaanza kuliaga gari kimoyomoyo.

Hilary alikuwa mlangoni. Nyuma yake, kofia mkononi, uso umejaa huruma: Entwistle. Amekuja kuulizia kama tuko hai.

"Mama," Hilary akasema. "Umelowa."

"Nani kalowa?"

"Mama, maji yanakuchuruzika."

"Jasho. Leo wamenifanyisha mazoezi kweli kweli."

"Roland amewaona kwenye kipilefti. Bila paa. Mkizunguka."

Mama akamgeukia Entwistle, akampima toka viatuni hadi kwenye upara. "Roland mwanangu, umri ukifika, macho yanataka miwani. Si aibu."

Entwistle akaizungusha kofia mkononi. Akasema huenda lilikuwa gari jingine. Jekundu vile vile. Nikakaribia kumpenda.

Hilary hajawahi kudanganywa na mtoto yeyote katika kazi yake, na hakudanganywa leo. Alimtazama mama yake muda mrefu. Kofia ya nailoni imekwenda upande, mashavu mekundu kama ya msichana aliyetoka dansini, macho yanang'aa. Niliona kitu kinapita usoni kwa Hilary, kitu ambacho sikukitarajia, na kwa sekunde moja nilidhani atalia. Hakulia. Alichukua taulo akaanza kumkausha mama yake nywele, taratibu.

"Na Alhamisi ijayo," akasema bila kunitazama, "mtaondoka saa ngapi?"

Ijumaa, 10 Novemba

Homa. Pua ni bomba lililopasuka. Lakini gari ni langu!

Mama amepiga simu. Anajisikia mzima kabisa. Anataka kwenda mnadani kuona kondoo. Nikamwambia gari lenyewe lina kondoo wa kutosha. Hakucheka. Akasema saa nne asubuhi, na nisichelewe.

Jumatano, 15 Novemba

Sasa ni kila siku. Mnadani, kanisani, kwa rafiki yake Enid, sokoni kununua soseji ya damu, kisha kwenye kipilefti, bila sababu yoyote. Duka limenipa ratiba mpya ili nipate asubuhi. Nilitaka gari la kila siku. Nimelipata, pamoja na abiria wake.

Paa bado halipandi. Nimejaribu pazia la bafuni na vibanio vya nguo. Lilidumu mpaka daraja la kwanza, likaondoka na upepo, likatua juu ya mpanda farasi. Farasi hakupenda.

Dilys amenipungia mkono toka karakana. Amepaza sauti, "Unaelea vizuri, nahodha?" Nikatazama mbele. Hadhi.

Jumapili, 19 Novemba

Hilary amenikalisha jikoni leo baada ya nyama ya kuoka. Ameongea kwa upole, jambo linalotisha. Amesema amefurahi kwa ajili ya mama yake. Gari libaki. Lakini nimpe Dilys kazi, aweke turubai jipya na mpira mpya kwa utaratibu, kama watu wengine. Na nimwahidi kwamba hakuna mbinu tena. Hakuna njia za mkato. Hakuna kufanya mambo nyuma yake. Nimeweka mkono kifuani nikaahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa, na nilikuwa na moyo huo mpaka nilipofungua gazeti.

Accrington. Gari kama langu. Aina ile ile, la bluu. Injini imekufa, lakini paa jipya! Mwenyewe anataka liondoke, anaotesha bustani. Dilys wa nini? Ninahamisha paa la bluu kwenye jekundu mimi mwenyewe. Kazi ya mchana mmoja. Nina waya, nina gundi.

Pa kuliweka? Hapa si pa kuliweka, Hilary ataliona. Lakini Entwistle ameondoka jana kwenda likizo kisiwani Tenerife, wiki mbili, akaliacha gari lake uwanja wa ndege. Ametuachia ufunguo tumwagilie maua. Banda lake la gari ni kavu, lina joto, limepigwa deki, na liko tupu. Gari ambalo injini yake imekufa litamwaga mafuta gani? Hatajua chochote.

Kamba ya kuvutia ninayo. Kinachohitajika ni mtu wa kushika usukani wa lile la nyuma. Nimempigia Mama. Amesema leseni yake ilikwisha muda zamani, lakini kuvutwa si kuendesha. Kisha ameuliza swali moja tu: tutapita kwenye kipilefti?